Kikohozi cha Ukweni

Katika chumba cha kushonea sare za shule, penye harufu ya mafuta ya cherehani na vumbi la chaki, walimwita Kicheko. Wifi yake, dada wa mumewe, alishona kwenye cherehani ya jirani, na utani wake haukuwa na likizo. Raha ya siku zile haielezeki. Shida ilikuwa choo tu, kilikuwa mbali mno, hivyo Kicheko akazoea kwenda haja kabla ya kutoka nyumbani.

Baada ya mtoto wa mwisho, kila akicheka, mkojo ulimponyoka. Aliona haya, hakumwambia mtu. Akaanza kumkwepa wifi: leo kichwa, kesho wageni. Akahamishia cherehani yake nyumbani. Mwishowe mawifi wale wakawa watu wa kusalimiana misibani, na moyoni Kicheko alimkumbuka mwenzake kupita kiasi.

Miaka ikapita, hatimaye akaenda hospitali, akapangiwa kipimo cha kibofu. Siku ya kipimo, binti yake alibanwa na kazi, akamwomba shangazi yake, wifi yule yule, amsindikize mama. Kicheko alikuwa ameagizwa aende kibofu kimejaa, lakini mazoea yana tabu: alipitia chooni kwanza. Ikabidi anywe maji na kungoja kwenye benchi pamoja na wifi, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Ndani, muuguzi alitandika karatasi sakafuni, akamtaka asimame juu yake, atanue miguu na akohoe. Akakohoa kama mtu anayebisha hodi ukweni. Karatasi ikabaki kavu. Muuguzi akauliza mkojo humtoka akifanya nini.

"Nikicheka," akasema. "Na wa kunichekesha ni huyo aliye nje. Mwite tu."

Wifi aliingia, akaelezwa, akamgeukia Kicheko.

"Unakumbuka nilivyolishona gauni langu pamoja na suruali ya mwalimu mkuu? Nikainuka kumkaribisha, suruali yake inanifuata nyuma."

Kicheko alicheka mpaka akashika ukuta, na karatasi ikalowa. Muuguzi akaridhika. Alisema misuli inayoshikilia kibofu imelegea, yapo mazoezi ya kuikaza, na yasipotosha zipo tiba nyingine. Kicheko alisikia nusu tu, bado akifuta machozi ya kicheko.

Wifi hakuwa akicheka.

"Kumbe ni hili tu?" akasema. "Wifi, miaka yote hii natafuta nilikukosea wapi."