Siku Niliyolinda Meza ya Bwana

Umoja wa makanisa pale shambani kwetu haukuanzia kwa Roho Mtakatifu, hata wahubiri wa siku hizi wakisemaje. Ulianzia kwa kibali. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, na watu hawakuweza kukusanyika hivi hivi bila karatasi ya serikali. Meneja wa shamba letu la kahawa, katikati ya Ruiru na Thika, alituombea kibali kimoja, cha stoo moja, Jumapili saa tatu hadi saa sita. Makanisa yalikuwa matatu: letu, lenye wazee na kadi za kuingilia meza ya Bwana; la askofu; na la watu wa magharibi mwa nchi, walioletwa kuchuma kahawa baada ya Wakikuyu wengi kuondolewa. Ilibidi tupendane upesi.

Mimi nilikuwa mke wa karani wa mizani. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne na sikuacha mtu asahau. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mama mmoja wa hao wa magharibi, mchumaji tu, asiyejua herufi hata moja. Mtoto wangu wa kwanza aliposhikwa na kichomi, pasi yangu ilikuwa ofisini ikingoja muhuri, na bila pasi Mkikuyu hakutoka getini. Jirani yangu hakuhitaji pasi. Alimfunga mtoto wangu mgongoni, akaenda naye kwa miguu hadi hospitali ya Thika, akakaa naye siku nne huku kibarua chake kikipotea. Naandika jambo hili mapema, msomaji asije akadhani sikujua nilimtendea nani.

Kanisa lao lilikuwa la ajabu machoni petu. Walikaa kimya, kila mtu na Mungu wake, mpaka mmoja aguswe asimame aseme. Hawakuwa na mkate wala kikombe. Siku moja tukifua nguo bombani nilimuuliza alibatizwa mwaka gani, akacheka.

"Kwetu maji ni ya kuoga, dada. Ubatizo uko ndani ya roho."

"Kai! Kwa hivyo hujabatizwa?"

"Nimebatizwa. Maji tu ndiyo hakuna."

Nilicheka naye, nikaendelea kusugua shati la mume wangu. Halikunihusu.

Baada ya mwaka mmoja wa kugawana stoo, mchungaji wetu, aliyekuwa akija kwa baiskeli kutoka Thika, alisema ni aibu kuabudu kwa zamu kama watu wanaogawana choo. Akapendekeza ibada moja na meza moja. Wa askofu walikubali, japo kwa kunung'unika. Wazee wa magharibi waliomba muda, wakaenda kukaa kimya juu ya jambo hilo Jumapili tatu nzima. Mwishowe wakasema watakuja mezani siku hiyo, si kwa kuwa wanahitaji mkate, ila kwa upendo. Jirani yangu alinieleza akiwa ameshika mashavu kwa furaha. "Nitakula na ninyi, dada. Sijawahi. Nataka kujua inakuwa vipi."

Kamati ikaketi kupanga mambo. Mimi nilikuwa naandika, kwa ajili ya mwandiko wangu. Mzee wa watu wa magharibi hakuwepo, alikuwa zamu kwenye mashine ya kumenya kahawa. Wakaanza kwa kumchagua mwanamke wa kuomba kwa niaba ya akina mama wote. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kwa maana sala yangu nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi jikoni wiki mbili. Wakamchagua jirani yangu. Mchungaji alisema yule mama akiomba hata mawe yanasikia.

Nililiandika jina lake kwa mwandiko mzuri kabisa. Mchumaji! Asiyesoma!

Halafu wakaweka sheria ya meza. Kila mtu aje na cheti cha ubatizo wa kanisa lake, nami nisimame mlangoni kuvikagua, kwa kuwa nilijua kusoma. Hakuna aliyekumbuka kwamba kanisa mojawapo halina vyeti kwa sababu halina maji. Mimi nilikumbuka. Sentensi moja tu ingetosha. Nikaandika sheria, nikaipigia mstari chini. Mchungaji akaniambia, "Wewe ni jirani yao, uwapelekee habari." Nikasema ndiyo, mchungaji. Sikuwapelekea.

Jumapili yenyewe walifika watu kama ishirini, wamefua, wamepiga pasi, watoto wamepakwa mafuta hadi magotini. Jirani yangu alitangulia. Alikuwa na kitambaa kipya kichwani.

"Cheti," nikamwambia.

Alidhani namtania. "Cheti gani, dada? Wewe si unanijua?"

"Cha ubatizo. Ni sheria ya kamati. Bila cheti mtu hafiki mezani."

Akaniangalia. Nilitazama pembeni, kwenye magunia. Angeweza kupaza sauti, na mchungaji alikuwa hatua thelathini tu ndani ya stoo, akipanga vikombe. Badala yake aligeuka, akasema na watu wake kwa lugha yao, polepole, wakarudi nyuma wote wakaketi kwenye nyasi kando ya meza za kuanikia kahawa. Wakanyamaza.

Ndani ibada ikaendelea. Ulipofika wakati wa sala ya akina mama, mchungaji alimwita jirani yangu, akamwita tena. Nikasimama mimi. Niliomba sala yangu yote, niliyoifanyia mazoezi jikoni, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Watu wakasema amina. Aibu ya hiyo amina ndiyo hunipata hadi leo nikiwa peke yangu, nikajikuta natoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Tulipotoka, mchungaji aliwaona kwenye nyasi, akashangaa. "Mbona hawa hawakuingia?"

"Walikataa, mchungaji," nikasema. "Wamesema dini yao hairuhusu."

Akamgeukia jirani yangu. "Mama, ni kweli mlikataa?"

Mzee wao alifungua mdomo. Jirani yangu akamtangulia. Alinitazama mimi wakati akijibu.

"Ni kweli, mchungaji. Tulikataa."

Mchungaji alitikisa kichwa kwa huzuni, akachukua baiskeli yake. Yule mzee wao alibaki akimkodolea macho jirani yangu kana kwamba hamjui.

Jioni, jua likiwa bado lipo, jirani yangu alinikuta bombani. Aliteka maji yake kwanza.

"Ningesema kweli, wazee wenu wangekufukuza kanisani," akasema. "Na watu wetu na wenu wangegombana pale pale, meneja angefunga stoo. Lakini nimesema uongo, dada. Kwetu mtu hasemi uongo, hata wa kumponya mtu. Sijui nitaupeleka wapi."

Nilijifanya nafunga bomba.

Alikoupeleka nilikuja kujua. Aliungama kwa wazee wake kwamba amesema uongo, ila akakataa kusema ni kwa ajili ya nani. Wakamwambia anyamaze katika ibada mpaka atakaposema. Kwa watu wanaokaa kimya, kunyamazishwa ni kwamba hata ukiguswa huwezi kusimama. Mawe hayakumsikia tena. Aliishi karibu nami miaka miwili zaidi, akinisalimia kila asubuhi, kisha mkataba wao ukaisha wakarudi kwao. Miaka miwili, na safari ya kwenda kwa mzee wao ilikuwa milango sita kutoka kwangu.

Makanisa yetu mawili yaliendelea kula pamoja, na mambo yakakua. Sasa wananiita mmoja wa waanzilishi. Majuzi vijana wa makanisa mbalimbali walinikalisha mbele, wakanivisha shada, wakaniomba niwasimulie jinsi umoja ulivyoanza. Nikawasimulia kibali na stoo, wakacheka, wakapiga makofi. Msichana mmoja, wa umri wa wajukuu zangu, akanyoosha mkono. "Cucu, umesema makanisa yalikuwa matatu. Hilo la tatu lilienda wapi?"

Nikamwambia walikataa.