Soda ya Shangazi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwetu Masaka hadi Remera, mji huo huo mmoja, kwangu ni safari ya kuaga watu. Kwa hiyo shangazi aliyenilea alipolazwa hospitalini Remera na uvimbe wa tumbo, ukoo uliafikiana upesi: huyu hana pa kwenda, awe murwaza, yaani ndugu wa kushinda na mgonjwa, kumlisha, kumfulia na kumjibia.

Kumjibia nilikuweza. Daktari alituita koridoni, mimi na baba mkubwa, akasema ya kusema, nasi tukarudi kitandani na nyuso za harusi. "Unaendelea vizuri!" Shangazi akaitikia, "Asanteni," tukamfungulia soda.

Siku moja muuguzi akavuta kigoda, akaketi. "Mama, wewe mwenyewe umeelewa nini kuhusu ugonjwa wako?"

"Anaendelea vizuri," nikajibu.

"Sikukuuliza wewe, kaka."

Shangazi akacheka hadi akashika tumbo. "Msamehe, amezoea. Najua nakufa, binti yangu. Nina kisukari, na hawa wananiletea soda kila siku bila kunigombeza."

Sikujua pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye chupa.

"Madaktari wanataka kukupasua tena," muuguzi akasema. "Wewe unataka nini?"

"Nikipasuliwa, nitarudi nyumbani?"

Muuguzi akasogeza kigoda karibu. "Sidhani, mama. Na usipopasuliwa, hutapona pia. Ila dawa ya maumivu tunaweza kukupa, ukanywe nyumbani."

"Basi nirudisheni Masaka."

Baba mkubwa aliposikia, akakataa kule kule koridoni. Watu watasema tumemtoa ili afe! Muuguzi hakubishana naye, akamwomba tu aingie. "Mama, mwambie mwenyewe."

"Kaka," shangazi akasema, "umenisemea tangu utoto. Hili niachie."

Baba mkubwa akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo. Kesho yake tukamrudisha.

Sitasema alikufa kwa raha. Dawa ilituliza maumivu, haikuyamaliza, na kuna asubuhi nilitamani kurudi kule koridoni, ambako daktari alisema mambo magumu kwa niaba yangu. Alasiri moja akaomba soda. Nikaikimbilia, mimi nisiyekimbia.

"Polepole. Nigombeze kwanza."

"Shangazi! Na sukari yako hiyo? Unataka kujiua?"

"Ehee," akasema, akafumba macho kwa furaha. "Hivyo hivyo."

Akanywa mafunda mawili. Siku ya maziko chupa ilikuwa bado dirishani, imejaa hadi karibu na shingo.