Tabaka la Tisa

Lorna Haugen alipima visima vya gesi kule Pinedale, Wyoming, kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilianza pale wengine walipomaliza. Mwamba ukishapasuliwa kwa maji na mchanga wa shinikizo kubwa, yeye huteremsha vipimo kwa waya, gesi ikiwa inatoka, aone ni tabaka lipi linafanya kazi na lipi limelala. Pangaboi dogo humwonyesha kasi ya gesi. Kipimajoto humwonyesha inapoingilia, maana gesi ikitanuka hupoza.

Machi moja, theluji ikiwa bado mitaroni, aliitwa kupima upya kisima alichokipima miaka mitatu nyuma. Msimamizi wa kampuni, Dwight Petrakis, alikaa naye ndani ya gari la vipimo na kikombe chake cha kahawa.

"Tabaka la tisa usipoteze muda nalo," Dwight alisema. "Si wewe mwenyewe uliliandikia cheti cha kifo?"

Lorna aliteremsha vipimo. Vipimo vilipopita hapo, pangaboi lilibadili kasi ghafla, na mstari wa joto ukazama. Akarudia mara mbili. Kisha akafungua karatasi za zamani. Hata siku ile joto lilikuwa limeshuka palepale, kidogo tu. Ila mstari wa pangaboi ulikuwa umenyooka kama rula kwa futi mia mbili nzima.

"Nilikosea," alisema. "Pangaboi lilikabwa na mchanga, nami nikaliamini. Tabaka lilikuwa hai."

"Acha utani, Lorna."

"Tazama."

Dwight akatazama weee. "Visima vinne vya jirani tuliliruka tabaka hilo kwa neno lako."

"Najua."

"Sasa si ungenyamaza tu? Mimi mistari hii naiona kama nyayo za kuku."

"Ndiyo maana nakwambia. Andika."

Mwezi haukuisha, ofisi ikamwondoa eneo lile. Kiangazi visima vile vinne vikapasuliwa kwenye tabaka la tisa. Vitatu vilitoa gesi vizuri, cha nne kikatoa maji. Dwight alimpigia simu kumpa habari. Lorna alikuwa kazini Utah, kwa kampuni nyingine.

"Hicho cha nne mmekipima?" aliuliza.

"Bado."

"Basi kipimeni, bwana, kabla hamjakizika," alisema, akarudi kwenye winchi ya kuteremshia waya.