Kwa kujipikia chungu changu, ukweni wanasema nimemwita mama mkwe mwenye sumu

Admin, nifiche jina. Bukoba ni ndogo, midomo yake ndiyo mikubwa. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi Rwamishenye, nashona nguo za wanawake. Ukweni kwangu ni Muleba. Nina watoto watatu, na huyu mkubwa, binti, amechumbiwa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkikuta neno kali mtanisamehe. Na msiponisamehe ni sawa tu, nimeshazoea.

Mwaka jana nilianza kuchoka ovyo. Kiu haikatiki, chooni kila saa, na macho yakaingia ukungu mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Hospitali wakapima, wakasema ni kisukari, kile cha ukubwani. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu na alisikia kila neno. Muuguzi hakunikataza ndizi, maana utaanzaje kumkataza Mhaya ndizi? Alisema nile chache, mboga za majani ziwe nyingi, vinywaji vitamu niachane navyo, dawa nisiruke. Nilitoka pale nalia. Mume wangu hakusubiri hata tufike nyumbani.

"Hili libaki kati yetu," akasema. "Wale wanaotuchumbia wakisikia, watasema ukoo wetu una ugonjwa wa damu. Utamharibia mtoto."

Nikakubali. Mama gani angekataa? Hapa Rwamishenye sikupata shida, jiko ni langu. Shida ni Muleba. Mama mkwe wangu, tunamwita Mae, anasifika kwa ndizi na maharage. Vyote vinapikwa chungu kimoja, vinapondwa, vinafunikwa kwa majani ya mgomba, kisha mnakaa kuzunguka jani moja na kula. Huwezi kuchagua kidogo hapa, kidogo pale. Ukipunguza mkono, anauona. Halafu inakuja mramba, juisi ya ndizi mbivu, tamu mpaka inanata mdomoni, na huruhusiwi kubakiza kitu kikombeni. Kila tulipotoka kule nilikuwa mgonjwa, na ukungu wa macho unarudi.

Basi sikukuu iliyopita nikabeba kisufuria changu. Baada ya ibada nikaingia jikoni kwa Mae, nikapika mchicha, dagaa na vindizi viwili, nikala kwenye sahani yangu. Nikamwambia tumbo linanisumbua. Najua watu wa Kagera mnaosoma hapa mmeshashika vichwa. Kwetu, ukipika chungu chako ndani ya nyumba ya mwenzako, umeshasema kwamba humu kuna mtu anaweka sumu. Nililijua hilo tangu utoto. Lakini nikasema, Mae ananipenda, tumekaa miaka yote hii, atanielewa.

Hakugomba. Alisimama mlangoni akakitazama kile kisufuria, kisha akaniuliza polepole, kwa lile neno letu la heshima, "Waitu mwanangu, chungu changu kina nini?"

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anajua jibu. Akainuka akaenda kuangalia mbuzi.

Wiki ile ile habari ilishafika Bukoba mjini. Wanawake ninaowashonea wakaanza kuniuliza kwa kunizungukazunguka eti ni kweli nimeona kitu kwa mama mkwe. Mae naye nasikia chakula hakimpiti, analia, majirani hawanywi tena kwake. Hapo namwonea huruma kweli, kwa sababu hakunikosea lolote. Anayetukosea wote wawili ni mwanawe.

Ukoo ukaitisha kikao. Shenkazi, dada wa mume wangu, akasema kwa niaba ya wote kwamba siku wachumba watakapokuja kutoa mahari, mimi nitapiga magoti mbele ya wageni, Mae atanipa mramba kwenye kibuyu, nitakunywa wote, nitaomba radhi na kusema sikuwa na sababu yoyote ya kumkimbia. Nikikataa, Mae hatakanyaga, na bila bibi yake binti hatolewi. Mume wangu, baba mwenye nyumba, alikuwa anaperuzi simu. Nilipombana njiani akasema, "Kunywa tu, ni siku moja. Si utameza dawa?"

Siku moja! Najua kibuyu kimoja hakitaniua. Lakini nikishasema mbele ya watu kwamba sikuwa na sababu, kesho nitakataa kwa sababu gani? Nitakula kila jani na kumaliza kila kikombe, mpaka macho yazime na cherehani niiuze. Na nikisema ukweli, wale wachumba wakaondoka, binti yangu atanitazama vipi?

Ilibidi nimwambie binti mwenyewe. Nilimwita chumbani nikamweleza yote, dawa nikamwonyesha. Nilitegemea atanikumbatia. Alinirudishia dawa mkononi, akasema, "Pole mama. Lakini si unywe tu? Naomba usiniharibie."

Huyo nimemzaa mimi. Maneno ya mume nilishayameza, ya mawifi nilishayameza, haya ya mtoto yamenikaa kooni. Tangu siku hiyo anapita sebuleni ameinamisha uso, anaongea na mchumba wake kwenye simu kwa furaha, na mimi nashona gauni lake la siku hiyo hiyo nikifuta macho ili nione mshono.

Wageni wanakuja Jumamosi ijayo. Ndizi za mramba zimeshavundikwa. Ndugu zangu, nipige magoti ninywe, au nisimame niseme? Niambieni ninyi msionijua, kwa sababu wanaonijua wote wamechagua harusi.