Baba Akisikiliza Tangi

Juzi pale Kamakis nilimkuta mwanaboda akisugua sabuni ya kipande chini ya tangi la pikipiki yake, ili kuziba mahali palipokuwa pakivuja. Ile harufu ya petroli na sabuni ilinirudisha kwetu Gitothua, kwenye uwanja wa ploti ya vyumba vya kupanga, alasiri moja ya utotoni.

Baba alikuwa amebeba abiria kwa pikipiki tangu alfajiri, na sasa tangi lilikuwa likidondosha mafuta. Mama alizima jiko kwa maji, mafuta yasije yakashika moto, githeri ya mahindi na maharagwe ikabaki haijaiva. Baba alimimina petroli kwenye mtungi, akafungua tangi, akaliweka mapajani na kulisugua sabuni polepole, kama anayeosha mtoto. Kisha akaliegemezea shavu, akatulia.

"Nyamazeni," mama alituambia sisi watoto. "Baba yenu anasikiliza kama bado linavuja."

Tulinyamaza. Hata jirani alizima redio mama alipomwashiria kwa mkono. Niliona fahari kuwa na baba mwenye masikio kama hayo, wala sikujiuliza kwa nini alisikiliza akiwa amefumba macho, mdomo wazi.

Treni ya jioni ilipopiga honi kule Ruiru, alishtuka. Abiria walikuwa wanashuka na wangetaka kufikishwa nyumbani. Nilimkimbilia, nikamuuliza tangi limesema nini.

Alimtazama mama, akakitazama kipande cha sabuni kilichokuwa bado mkononi mwake.

"Limechoka," akasema, akaanza kulirudisha kwenye pikipiki.