Mjane wa Meza ya Dirishani

Akina mama wa kanisa walikuwa wamekwisha kumhukumu Laurentine kabla hajatia mguu ukumbini. Kosa lake? Kula. Tena kula peke yake, mgahawani, mjane mzima, mchana kweupe.

Hebu tumtendee haki. Laurentine ni Mkongo wa Uvira, anakaa Hallunda, nje kidogo ya mji huko Uswidi, na kazi yake ni kuwahudumia wazee wa Kiswidi majumbani kwao. Tangu aolewe mpaka mumewe, Urbain, alipofariki, hakuwahi kula chakula kikiwa moto. Alipika, akapakua, akasimama mlangoni mwa jiko kuangalia nani kaishiwa. Kanisani nako yeye ndiye mkuu wa jiko. Iwe harusi, matanga au ubatizo, sombe ya majani ya muhogo na bugali ya watu wote ilipita mikononi mwake, na jiko lile alilipenda kuliko kitu chochote alichobakiwa nacho.

Matanga ya Urbain yalipokwisha, akaanza kupanda treni kwenda mjini. Kila mwezi, Jumamosi moja, mgahawa mpya: mara Walebanoni, mara Waturuki, mara Wagiriki, watu wa nchi za jua wanaokamua limau hadi kwenye supu. Siku ya kwanza hakujua aanzie wapi. Mhudumu alimwekea sahani mbele, naye akakaa akisubiri wengine waanze. Wengine gani, jamani? Alikuwa peke yake. Alipoonja samaki wa kuchoma machozi yakamtoka, akayafuta, akaendelea kula.

Sasa Mama Ghislaine, mwenyekiti wa akina mama, katika pitapita zake mjini akamwona dirishani kwa Wagiriki. Na kwa Wakongo anayekula peke yake huitwa mchoyo, na ndimi zikizidi kuwasha huitwa mchawi. Jumapili kikao kikaitwa. Wakamwambia aache hiyo tabia ya kizungu, kama ana njaa nyumba za watu zipo, la sivyo jiko atapewa mwingine. Moyo ulimpasuka, msidanganyike. Lakini hasira ilimpanda kuliko woga.

"Miaka yote nimewalisha," akasema. "Nani kati yenu aliwahi kuniuliza kama mimi nimekula?"

Wakampa wiki moja afikirie.

Jumamosi akavaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, akarudi kwa Wagiriki walewale, akaketi palepale dirishani ili anayetaka kuona aone vizuri. Na Mama Ghislaine akaja kweli, koti kalifunga mpaka kidevuni, akasimama kando ya meza kama askari. Alisema alijua atamkuta hapo, na amekuja kuchukua jibu, hakuja kukaa. Laurentine akamwita mhudumu, akaagiza sahani ya pili. Wakabishana weee, mpaka chakula kikafika, na kuacha chakula kipoe mezani ni jambo ambalo mama yule hakufunzwa. Akaketi ukingoni mwa kiti. Akaonja. Akala biringanya, akala nyama ya kondoo, akalamba vidole bila kujijua.

Alipomaliza, mnajua alifanya nini? Aliinuka, akapanga sahani zao, akaongeza na za meza ya jirani, akaelekea jikoni kwenda kuosha. Mhudumu alibaki mdomo wazi. Laurentine akamfuata, akamshika mkono.

"Kaa chini, Mama Ghislaine. Hapa tumekuja kula."

Mhudumu akazipokea sahani, akamuuliza mgeni kama chakula kilikuwa kizuri, kama angependa kuongezewa kitu. Mama Ghislaine alikuwa amelisha nusu ya Wakongo wa mji huu. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akarudi kitini taratibu, na safari hii akakaa mpaka ndani.

"Waambie nimekataa," Laurentine akasema. "Jiko wakitaka walichukue. Jumamosi zangu hawazipati."

Mama Ghislaine akafungua vifungo vya koti, akafuta macho, akavuta kikapu cha mkate karibu yake.

"Tutawaambia," akasema. "Ngoja nishibe kwanza."