Makaroni ya LaVonne na Jibini ya Baba Mkwe

LaVonne Kubly alikuwa ameolewa katika ukoo wa watengeneza jibini, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwao ni Freeport, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, upande wa Illinois, na kabla ya kuolewa aliajiriwa katika kiwanda cha jibini ya kuyeyushwa, ile ya manjano inayotoka imenyooka kama tofali na laini kama sabuni mpya. Alisimama kwenye mashine mpaka wiki ya harusi yake, wala hakuona haya. Lakini kuja Monroe, Wisconsin, nyumbani kwa baba mkwe wake Kaspar Kubly, ukasema umetoka mahali kama pale, ni kama kukanyaga zulia la watu kwa viatu vya zizini.

Mzee Kaspar alipika jibini yenye matundu katika sufuria ya shaba pana kiasi cha kuogea mtu mzima, kama walivyofanya baba yake na babu yake. Ile ya manjano hakuiita jibini. Aliiita mpira. Jumapili akija kula kwa mwanawe Werner, mumewe LaVonne, alianza na friji, akachungulia nyuma ya chupa za maziwa, akauliza, "Mpira wenu siku hizi mnauficha wapi?" LaVonne alicheka, maana mzee hakuwa na roho mbaya. Ila utani wa kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka, unachosha.

Na yeye alijua kila jibini na kazi yake. Ya mkwewe ilikuwa ya kukatwa kwa kisu, na mkate mweusi na haradali, iliwe taratibu na mtu asiye na haraka. Hapo hakuwa na ubishi. Lakini iweke juu ya nyama ya kusaga ikiwa bado motoni uone: inatoa jasho la mafuta, kisha inavutika kama uzi wa fundi viatu. Ya manjano inalala juu ya nyama kama shuka, inafunika mpaka pembeni. Na kwa mkate wa kukaangwa na siagi, ule wa kuchovya kwenye supu ya nyanya watoto wakiingia kutoka kwenye theluji, usimtajie nyingine. Tena hata hiyo ya manjano si moja. Kuna ya vipande vilivyofungwa kimoja kimoja kwa nailoni, ambayo aliinunua akikosa nyingine. Na kuna bonge ambalo muuza nyama analikata kwa mashine mbele ya macho yako, lenye maziwa zaidi na ladha inayokaa mdomoni.

"Unazilinganisha kama watu wanaokwenda kununua ng'ombe," Werner alimwambia.

Kila Oktoba kanisa lao lilikuwa na chakula cha mavuno. Watengeneza jibini walitoa jibini, wake zao wakapika, na LaVonne, tangu aolewe, alipewa taulo akaushe vyombo. Wanawake wale hawakuwa wabaya. Ni kwamba sufuria za kanisa zilikuwa na wenyewe, na yeye alikuwa bado wa Freeport. Mwaka mmoja mama Etter, mpishi wa makaroni ya jibini siku zote, akateguka mguu. Makaroni yake yalikuwa yakishikana mpaka yakatwe kwa kisu, na watu waliyala kwa heshima. Hulda Zweifel, mshika funguo za jiko la kanisa, akampigia LaVonne simu. Makaroni yatakuwa yake, jibini itatoka kwa Kaspar. Yakifana, alisema, atakuwa na nafasi yake jikoni daima. Yasipofana hakusema, wala hakuhitaji kusema.

Kaspar alileta jibini mwenyewe, iliyokomaa, ameikumbatia kama mtoto. "Hii, binti, usiniharibie," akasema.

LaVonne akaijaribu nyumbani kwanza. Sinia la kwanza aliweka ya mzee tupu. Lilitoka jikoni linapendeza, lakini lilipokaa kidogo kwenye moto mdogo, kama litakavyokaa kanisani, mafuta yakapanda juu na chini pakabaki donge. La pili aliweka ya manjano tupu: likawa laini kama maziwa ya mtoto, na ladha yake hafifu vivyo hivyo. La tatu akachanganya nusu kwa nusu, ya mzee na lile bonge la dukani. Werner alikula yote matatu. La tatu, alisema, hata mchungaji angeliiba. Kisha akauliza kama atamwambia mzee. LaVonne akajibu hilo ataliona huko huko.

Siku ilipofika masinia yalirudi matupu. Kaspar alimaliza sahani, akachukua ya pili, akasimama nayo katikati ya ukumbi akitangaza kwamba jibini ya kweli ndivyo inavyofanya kazi, na wapenda mpira waone. Hulda akatoka jikoni akifuta mikono. Nafasi ni yake, alimwambia LaVonne mbele ya watu, lakini kwanza awaeleze wenzake amefanyaje, kwa sababu jibini ya Kaspar wote wanaijua, na haijawahi kuwa na tabia nzuri namna ile.

Werner akaangalia viatu vyake. LaVonne angeweza kusema maziwa, unga na subira, na usingekuwa uongo. Ila aliona miaka inayokuja, yeye akiingia jikoni mle na bonge la manjano chini ya koti, kama anavyolificha nyumbani nyuma ya maziwa.

"Nusu ni ya Baba," alisema. "Nusu ni ile ya manjano. Bila hiyo yangeshikana."

Kaspar alikuwa na tonge mdomoni, na akina Kubly hawatemi chakula kanisani. Akatafuna mpaka mwisho.

"Nusu nzima?"

"Nusu nzima, Baba. Yenyewe inalainisha tu. Ladha ni yako."

Mzee akakwangua sahani yake kwa uma. "Basi ina bahati," akasema. "Imekaa na jibini yangu jioni moja tu, imeshafunzwa adabu."

Hulda ndiye aliyeanza kucheka, ukumbi ukafuata. Akavua aproni yake, akamvika LaVonne shingoni.

Kaspar akasogeza sahani. "Niongeze kidogo. Lakini nichotee upande ule wenye jibini yangu."

"Sawa, Baba," LaVonne akasema, akashika upawa, akainamia sinia, akautafuta upande huo kwa makini sana.